Rangi Niliyokuachia

Shangazi mpendwa,

Ndoa tamu, jamani! Mume wangu akiniita tu, moyo unaruka. Lile turubai la kijani tulilokaa chini yake harusini lilizipaka picha zetu zote ukijani, naye akanifundisha kuuondoa kwenye kompyuta, sura moja baada ya nyingine. Sasa kila mtu anang'aa, isipokuwa wewe. Wewe nimekuacha na ukijani wako makusudi, kwa sababu ulimwambia mama mkwe kwamba mimi ni mgonjwa, ili mwanawe asinioe. Ile picha ya pamoja tumeikuza, imetundikwa sebuleni kwa mama mkwe. Jana kaitazama weee, kisha akaniuliza, "Maskini shangazi yako, anaumwa nini?"

Nikamjibu, "Mama, hata sisi anatuficha."

Ni mimi mwanao, mke wa mtu.