Gari Lililokaa Eda Pamoja na Mama

Jumamosi, juma la pili la likizo ya Agosti.

Leo kumeamka mawingu, na manyunyu ya upepo wa kusi yasiyolowesha nguo wala kukatika. Si baridi, si joto. Nami ni hivyo hivyo.

Najua watu huanza shajara kwa hali ya moyo. Nimekaa hapa darini na simu ya Mama tangu alasiri nikitafuta neno la hali yangu, sikulipata. Kwa hiyo nitaandika yaliyotokea kwa mpango, kama tulivyofundishwa kuandika insha, lililotangulia litangulie.

Baba alifariki mwezi wa nne, siku ya tatu ya likizo. Kazi yake ilikuwa kukodisha sufuria kubwa, majamvi na sahani kwa harusi na hitima, na pikapu yake ndiyo iliyobeba vyote hivyo. Sisi twaishi ghorofani kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Chini kuna ghala yenye mlango mpana, ndimo alimoweka sufuria na gari. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila gari lile. Sakafu ya nyuma ilitoboka, hata siku moja mchuzi wa harusi ya watu ulidondoka njia nzima mpaka Makadara, tukafika na msafara wa paka.

Alikuwa ameshanunua rangi, mikebe miwili ya buluu, na msasa wa kila namna. Aliniambia likizo ya Aprili tutalitengeneza sisi wawili, hapa hapa nyumbani.

Siku ya nane baada ya maziko, Ami Twaha alifungua ghala akaniita nishuke. Yeye ni mdogo wake Baba, na ni fundi wa kunyosha bodi za magari katika gereji moja huko Mbaraki. "Babako alikuahidi," alisema. "Mimi sitaki ahadi yake ilale." Akanipa msasa na kitambaa cha kufunga puani, akanionyesha jinsi ya kusugua: duara ndogo ndogo, maji, usikandamize.

Nilisugua. Nilikuwa sijalia bado, na watu walikuwa wakimwambia Mama kwamba Mungu amenipa subira. Nilianza na mlango wa dereva. Asubuhi nzima sikufikiri kitu. Mkono ulizunguka, maji yakatiririka meupe, nikaona hapa ndipo mahali pangu pa kukaa.

Kwa wasomaji wasiojua desturi yetu: mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na haonani na wanaume ambao wangeweza kumuoa. Ami, ingawa ni shemeji yake, ni mmoja wao. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikipanda na kushuka ngazi. Maneno ya Mama niliyashusha, maneno ya Ami niliyapandisha.

Jioni ya siku ile ile ya kwanza Mama aliniita chumbani.

"Mwambie ami yako, pale mlangoni alipokuwa babako akiweka mkono, asipaguse. Pasitiwe rangi. Nikitoka nataka nipaone."

Baba alikuwa akiendesha na kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Miaka kumi na tisa kiwiko kile kilikula rangi mpaka chuma kikatokea, kipande kama kiganja cha mkono, laini, chenye kung'aa kama kijiko cha zamani. Mama husimama dirishani jioni. Kichochoro chetu ni chembamba, na kabla ya kumuona Baba uso, alikuwa akikiona kiwiko kikipinda kona.

Mimi nilikuwa nimepasugua asubuhi. Nilidhani ni mahali palipobabuka tu kama pengine. Nilipasugua kwa msasa mkali mpaka mng'ao ukaisha, halafu nikapapaka rangi ya msingi, ile ya kijivu. Ami alikuwa chini ya gari akaniambia endelea. Nilisimama mbali nikapatazama, palikuwa palinganifu kabisa.

"Naam, Mama," nilimjibu. Kucha zangu zilikuwa bado na unga wa kijivu.

Kusugua kulikuwa kosa. Yaliyofuata hayakuwa kosa, yalikuwa makusudi.

Ujumbe ule sikuufikisha kwa Ami. Ungefaa nini? Tukaendelea. Alikata mabati yaliyooza akachomelea mapya, mimi nikasugua, tukaziba mashimo, mpaka mwisho wa mwezi wa tano gari lote likawa la kijivu, tayari kwa buluu. Hapo Ami akasimama.

"Haifai," alisema. "Mamako yuko ndani amekaa bila hata wanja, mimi niko chini yake nang'arisha gari la mumewe? Lingoje. Akitoka, tutapaka."

Nilimuuliza ustadhi wetu wa madrasa kama kuna hukumu yoyote juu ya jambo hilo. Alinitazama kidogo akasema eda ni ya mja, gari halina eda. Sikumwambia Ami. Niliona kwamba yeye ndiye aliyehitaji kungoja.

Basi gari likakaa eda. Mtaa mzima ulijua. Kassim, ambaye huegesha tuktuk yake mbele ya ghala, hakutuachia.

"Twaha, hilo gari lako latoka lini?"

"Likitoka eda. Wataka kuposa?"

"Mie nina wake wawili wanipigia kelele. Wa tatu wa chuma wa nini?"

"Huyu angalau ukimzima anyamaza," Ami alisema, na wote wawili wakacheka mpaka Kassim akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Nilijisikia nikicheka, kama unavyosikia redio ya jirani.

Mama aliniuliza mara ya pili mwezi wa sita. "Pale papo bado?" Nikamwambia papo. Mwezi wa saba akauliza tena, alikuwa akinisuka nywele, sikuuona uso wake naye hakuuona wangu. "Papo, Mama." Na mara ya nne hakuuliza, alisema tu, kama mtu anayehesabu siku za safari, "Zimebaki wiki tatu nipaone."

Nimelelewa vizuri. Naijua adhabu ya mwongo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Nilijua ninachofanya kila mara, na kila mara jibu lilinitoka kwa wepesi, bila hata moyo kudunda. Hilo ndilo lililonitisha kuliko uongo wenyewe. Wenzangu shuleni walilia kwa sababu ya maksi. Mimi maksi zangu hazikushuka hata moja. Mwalimu wa darasa aliniita mfano wa kuigwa.

Sasa niandike nililolifanya, maana nimeahidi kuandika yote.

Wiki iliyopita Ami akiwa kazini, nilishuka peke yangu na msasa. Niliingia kwenye gari, nikashusha kioo, nikaweka kiwiko changu nje ili nijue mahali penyewe. Mkono wangu ni mfupi. Nikasogea, nikakisia alivyokaa yeye, nikatia alama kwa penseli. Halafu nikashuka nikasugua rangi ya kijivu mpaka chuma kikatokea, kipande cha kadiri ya kiganja. Nilitumia msasa laini, kisha laini zaidi, kisha dawa ya meno kwa kitambaa, kwa vile nilisoma kwamba hung'arisha. Nilijitahidi sana. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule.

Hakikufanana. Kilikuwa na mikwaruzo midogo inayozunguka, hata ukikitazama kwa mbali.

Ami alikiona siku ya pili. "Nani amechuna hapa?"

Nikamueleza. Nilimueleza yote nikiwa nimesimama wima kama ninayetoa hotuba ya paredi shuleni. Alikaa juu ya sufuria iliyofunikwa, akafuta mikono kwa muda mrefu.

"Mwanangu, chuma kilichosuguliwa na mkono wa mtu hakina njia za msasa. Hiki kina njia. Mamako atajua kabla hajafika mlangoni." Kisha akasema, "Sikiliza. Mwambie ni mimi. Mwambie nilisahau. Mimi shemeji yangu akinichukia mwaka mmoja sitakufa."

Nilifikiria hilo siku sita. Lilikuwa jambo jepesi, na mwenyewe amekubali. Lakini Ami ndiye anayetuletea kitoweo, ndiye anayezunguka na sufuria zetu kwa mkokoteni ili jina la Baba lisipotee kwa wateja. Mama akimkasirikia, nyumba hii itabaki na nani?

Juzi Alhamisi Mama alitoka eda. Alioga, akavaa nguo mpya, wanawake wakaja na dua na vyakula. Jana kulikuwa na wageni. Leo asubuhi, saa tatu hivi, alivaa buibui lake, akaniambia, "Haya, twende tukaone."

Ngazi zetu ni kumi na saba. Nilihesabu nikimfuata nyuma. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwenye ile ya kwanza.

Ami alikuwa amefungua milango yote miwili ili mwanga uingie. Walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akitazama chini, shemeji hujambo, sijambo, poleni na kazi. Halafu Mama akaenda moja kwa moja upande wa dereva. Alinyoosha mkono, akapagusa kwa vidole vitatu, akaviondoa.

Alipatazama tu.

"Shemeji," Ami alianza, "hapo niwie radhi, mimi ndiye..."

"Ni mimi, Mama."

Sauti yangu ilitoka ya kawaida, kama naomba chumvi. "Nilipasugua siku ile ya kwanza, kabla hujanituma. Ami hakujua. Hiki ulichokigusa nimekitengeneza mimi wiki iliyopita."

Ami alitazama dari. Kisha akasema anakwenda kununua mahamri, ambayo hakuna aliyeyataka, akatoka.

Mama alinigeukia. Nilingoja kofi, au kilio. Ningependa kimojawapo.

"Ilikuchukua muda gani kukitengeneza?"

"Mchana mmoja."

Akatikisa kichwa polepole. Akapatazama tena, na nikaona mdomo wake unataka kucheka na hauwezi. "Umetia na dawa ya meno. Panukia."

"Nisamehe, Mama."

"Alama nimekusamehe. Alama ni bati." Aliegemea gari, buibui likashika vumbi la kijivu, hakujali. "Lakini miezi minne, Swabra, sikuwa na mato mengine ya kuonea ila yako. Nilikuwa nikikuuliza na wewe wanijibu, nami nashika jibu lako nalala nalo. Sasa najiuliza mengine. Ulinambia walala usiku. Ulinambia chakula chakupita. Ulinambia skuli huna neno, nikamshukuru Mungu nikasema mwanangu ana nguvu kuliko mie. Yale nayo yalikuwa kama haya?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia.

Nikasema, "Ndiyo."

"Yepi?"

"Yote. Silali. Na sisikii kitu, Mama. Watu wakitaja Baba sisikii kitu. Sijalia hata siku moja. Nilidhani nikimaliza gari nitasikia."

Hayo ndiyo maneno niliyosema, nayaandika kama yalivyokuwa. Hata nilipoyasema sikulia. Nilikuwa nikitazama mahali pa kijivu kwenye buibui lake na kufikiria kwamba litahitaji kufuliwa kwa maji baridi.

Mama alipindua sufuria mbili ndogo, akakaa juu ya moja. "Ndoo hapa karibu yangu ukae."

Nikakaa. Hatukukumbatiana. Alinishika kifundo cha mkono, kama anavyonishika tukivuka barabara, asikiachie mpaka Ami akarudi na mahamri yake. Mama akala mawili. Kisha akasema tuzibe pale mlangoni na gari lote lipakwe buluu kama Baba mwenyewe alivyotaka, bila kuacha mahali.

"Bila kuacha mahali?" Ami aliuliza.

"Nimeshapaona," Mama alisema. "Miaka kumi na tisa nilipaona."

Mchana tukaziba. Ami aliniachia mimi kazi ile, nikapasugua kwa maji hadi mkono ukawa hauhisi ukingo, halafu tukabandika magazeti kwenye vioo na taa. Rangi ingepigwa leo lakini hewa ina unyevu mno, ingefanya ukungu. Ami asema tungoje jua.

Sasa nimekaa hapa. Nimejichunguza kama mtu anayetafuta jino linalouma, na bado sijapata kitu kinachouma. Labda kitakuja. Mama asema yeye kilimjia siku ya arubaini, akichambua mchele.

Ameniambia leo nihamishe godoro langu nilale chumbani kwake. Najua atakaloniuliza asubuhi, maana huniuliza kila siku nikiwa bado sijafungua macho vizuri: umelalaje? Kwa miezi minne nimekuwa nikijibu "vyema" kabla hajamaliza kuuliza. Kesho nitangoja amalize. Nitafikiri kwanza nililalaje hasa. Halafu nitamwambia.