Kanali Alibisha Mlango wa Mbele

Arlene, ule uvumi wa saluni kwamba ndege ya jeshi la akiba imeanguka ulinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Royce wangu, rubani wao, hapokei simu tangu aondoke hapa jana.

Leo asubuhi mlango wa mbele ukagongwa. Wa mbele! Royce huingilia jikoni tangu utotoni.

Nachungulia, naona wanajeshi wawili wa sare za buluu, mmoja kasisi. Unajua maana yake, hivyo ndivyo jeshi huleta habari za kifo. Nikapiga kelele, "Msiniambie! Mwanangu hajafa!"

"Mama, ni mimi. Ni Royce."

Kanali mzima, aliyerusha ndege miaka ishirini na sita, analia kibarazani pangu. Nami nikacheka, Arlene. Nikacheka! "Mjinga we, nusura unitoe roho!"

Akasema, "Tumetoka kumpa habari mke wa Meja Lindqvist. Mumewe ndiye aliyerusha ile ndege, zamu yangu."

Zamu ya jana. Ile niliyomsihi aiachie mwenzake, "mara hii tu, mwanangu," aje kwenye sherehe yangu ya kutimiza miaka sabini.

"Mkewe kaniuliza nilikuwa wapi. Nimemwambia kwa mama, nakula keki."

Nawe una binti rubani, basi sikia:

Usimwombe abadilishe zamu.
Usiseme "mara hii tu".
Na mlango wa mbele ukigongwa, ukamkuta wako mzima, usicheke.