Petroli Ilikuwepo

Kwako mdogo wangu Athman, popote ulipo,

Barua za heshima huanza kwa kuulizana hali. Hali yako siijui na yangu hutaitaka, basi niruhusu nianze na kabureta.

Nimeifungua pikipiki yako. Najua ulisema asiiguse mtu, lakini uliyasema hayo ukiwa mlangoni na begi begani, na mtu anayeondoka hana haki ya kuacha masharti. Mwaka na ushei imekaa chini ya ngazi, imefunikwa leso kuukuu ya mama, kila mgeni akidhani tumeficha mbuzi. Juma lililopita nikaisukuma hadi uani, nikatandika mkeka, nikazipanga spana zako kwa ukubwa kama vijiko vya karamu. Bi Rukia wa ghorofa ya juu akachungulia dirishani akauliza nachinja nini. Nikamwambia pikipiki. Akasema nisisahau bismillahi.

Sitakuficha kwa nini niliifungua. Nia yangu haikuwa kuitengeneza. Nilitaka kuthibitisha kuwa ulikuwa mwongo.

Siku aliyofariki baba ulikuwa Mariakani umepeleka mzigo. Nilikupigia simu kabla ya adhuhuri, na maziko yakapangwa baada ya swala ya alasiri, kwa kuwa sisi maiti hatumlazi. Kutoka Mariakani hadi Mji wa Kale ni saa moja, tuseme moja na nusu ukihesabu malori. Ulifika wanaume wanarudi makaburini, wanakung'uta mchanga kwenye kanzu. Ukaingia moja kwa moja kwa mama, ukumbini walimokaa wanawake, mikono imejaa oili hadi viwikoni, mtu hana pa kukushika akupe pole. Ukaeleza kuwa pikipiki ilikuwa ikishika kwikwi kisha inazimika. Mazeras, Miritini, Changamwe, na tena pale Makupa katikati ya malori yanayopiga honi. Ukasema kila ulipokata shauri kuitupa ili upande matatu, iliwaka, nawe ukaiamini, ikaenda kidogo, ikafa tena.

Shangazi akauliza kama ulisahau kutia mafuta. Aliyeuliza ni shangazi, lakini ulinigeukia mimi.

"Petroli ilikuwepo, dada. Nilifungua tangi nikaiona kwa macho yangu."

Nami, mbele ya ukumbi mzima wa wanawake, nikakujibu:

"Ingekuwa harusi ungefika."

Hakuna aliyenikemea. Neno lile lilizunguka mkekani kama sahani ya tende, kila mmoja akachukua lake. Tena usinilaumu peke yangu, sifa ya kuchelewa ulikuwa nayo. Hata kuzaliwa ulichelewa, mama anasema majuma mawili. Kwa hivyo neno langu halikuhitaji ushahidi. Ulinitazama, ukaenda kunawa mikono, ukanawa muda mrefu kupita kiasi, na kabla ya khitma ukaondoka. Mtu alikuona Mwembe Tayari ukipanda basi la bara. Tangu siku hiyo simu yako haipatikani, wala hapana aliyekuja na salamu zako.

Basi ndiyo nikakaa na spana. Ujuzi wangu unajua ulikotoka. Unaikumbuka stovu ya pampu ya baba, ile ya shaba, ilivyokuwa ikiziba kitundu kwa masizi kila mgeni akibisha hodi? Baba alituita sote wawili, wewe uishike isitikisike, mimi nichokonoe kwa sindano kwa sababu mkono wangu ulikuwa mtulivu. Moto wa buluu ukirudi, alitupigia makofi kama tumehitimu chuo. Wewe ulikuwa na miaka sita, ukatangaza mtaani kuwa wewe ni injinia na mimi ni msaidizi wako. Sikukukanusha. Yote ninayoyajua kuhusu mafuta nimeyapata kwenye stovu ile. Kabureta ni stovu tu iliyosoma.

Nilianza na koki chini ya tangi. Nikachomoa mpira, nikauelekeza kwenye chupa, huku kifuniko cha tangi nimekifungua ili nichungulie ndani. Petroli ya mwaka mzima ilikuwa na rangi ya chai na harufu ya rangi ya mlango, lakini ilishuka mbio. Nikafurahi. Chujio nikalikuta safi, nikafurahi zaidi. Bakuli la kabureta lilikuwa na gundi kidogo, nikalisugua kwa mswaki. Nikapitisha waya mwembamba kwenye kile kitundu cha shaba kinachopitisha mafuta, nikakielekeza juani, nikaona mbingu upande wa pili. Boya lilipanda na kushuka kama litakiwavyo. Kila nilichokikuta kizima kilikuwa shahidi dhidi yako, nami nilikuwa nikiwakusanya mashahidi kwa raha, nikiwafuta kwa kitambaa mmoja mmoja.

Nikarudisha kila kitu, nikajaza petroli mpya, nikafunga kifuniko. Kiki ya sita ikawaka. Moshi ulimlazimisha Bi Rukia afunge dirisha. Nikaishikilia mafuta, ikanguruma sawasawa, nami nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwenye wazimu, haya Athman, kwikwi yako iko wapi?

Ikaja. Ilipita kama robo saa, ikakohoa mara mbili, ikalegea, ikafa. Nikapiga kiki hadi kisigino kikaniuma. Nikatoa plagi nikaitazama, nikairudisha. Nikapiga tena. Mwisho nikafanya kile ulichofanya wewe njiani, nikafungua kifuniko nihakikishe kama kuna mafuta.

Tangi likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kama mpiga mbizi aliyezidiwa huko chini. Nikainama. Petroli ilikuwepo. Nikafunga, nikapiga kiki moja tu, ikawaka.

Nilirudia mara tatu. Ya pili nilikuwa nimekwisha kuelewa. Ya tatu niliifanya kwa sababu sikutaka kuelewa. Tangi likitoa mafuta lazima liingize hewa mahali pake. Kwa hiyo kwenye kifuniko huwekwa kitundu, chembamba, hakipitishi ncha mbili za sindano. Kikizibwa, petroli inashikwa juu huko, kabureta inakufa kiu chini ya tangi lililojaa. Ukifungua kifuniko kutazama, hewa inaingia, na ugonjwa unapona mbele ya macho yako bila kukwambia jina lake. Ndiyo maana mafundi uliowapelekea kwikwi hiyo kabla ya siku ile hawakuona kitu. Ndiyo maana kila ulipotaka kuiacha iliwaka.

Nikakitafuta kitundu hicho juu ya kifuniko. Sikukiona. Nilichokiona ni stika.

Unaikumbuka, bila shaka. Siku ulipoileta pikipiki nyumbani ikiwa mpya, wanawake wa mtaa walitoka kuitazama, mmoja wao akasema inavyong'aa, na hakusema mashaallah. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa yule Mhindi Bohora mwenye duka la madaftari, nikachagua stika ya duara yenye maandishi ya dhahabu, Mashaallah, kubwa ya kutosha kuonekana na mwenye kijicho aliye mbali. Ulitaka niibandike kwenye madgadi ya nyuma. Nikakwambia jicho baya haliji nyuma, laja kutoka madirishani, na kifuniko cha tangi ndicho kinachotazama madirisha. Nikakata tundu la ufunguo kwa wembe, vizuri kabisa. Kisha nikaisugua stika kwa ukucha, pande zote, mpaka nikahakikisha haikubaki hewa hata chembe.

Ni mimi, Athman. Nilikulinda na macho ya watu, nikakuzuia usimzike baba yako, halafu nikakutukana kwa kuchelewa. Hasidi gani angejitaabisha hivyo?

Niliibandua. Nikaenda kwa wale wote waliokuwa ukumbini siku ile, nyumba kwa nyumba, hadi Tudor kwa shangazi, nimebeba kifuniko mkobani kama ushahidi. Niliwaeleza kitundu, hewa, kwikwi, kila kitu. Shangazi alikigeuza kifuniko mkononi, akakirudisha kwa adabu, akanimiminia kahawa.

"Umefanya vyema kumsitiri nduguyo," akaniambia.

Nikamwapia. Akasema wallahi anajua, na damu ni nzito kuliko maji, na yashapita. Wengine walisema hayo hayo kwa maneno yao, mmoja akanisifu kwa kujitwika mwenyewe kosa la mdogo wangu. Neno nililolisema bila kujua chochote waliliamini papo hapo. Hili ninalolijua hadi kwenye skrubu, hapana anayelitaka. Nimefika hadi kwa imamu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama pikipiki inauzwa.

Mama nilimwacha mwisho, kwa woga. Unajua hakuwahi kukusema vibaya, wala jina lako hakulitaja. Nikidhani ni ghadhabu. Nilikaa miguuni pake jana baada ya chai ya alasiri, nikamweleza polepole, nikimwonyesha kwa kidole kitundu kilipo. Hakukitazama kitundu.

"Kumbe alikuwa yuwaja?"

"Alikuwa yuwaja, mama."

"Njia nzima?"

"Njia nzima. Hakusimama kwa hiari yake hata mara moja."

Nilikuwa tayari kwa laana, wallahi ningeipokea kwa mikono miwili. Badala yake akaniuliza kama umekula. Nikamwambia sijui. Akaniuliza uko wapi, nikamwambia sijui. Akatazama mlango, akakunja ncha ya leso yake mara nyingi, akaikunjua.

"Basi mwite," akasema, kama mtu anayeagiza kitu kilichoko chumba cha pili.

Tangu hapo ameniuliza mara nne kama nimekuita. Nimesema ndiyo mara zote nne. Wewe ulisema kweli nikakuita mwongo. Mimi nasema uongo kila mara na yeye anashukuru.

Sijui barua hii itakufikia kupitia kwa nani. Nimeiandika wazi ili yeyote akujuaye aisome na aibu yangu aione, labda mmoja wao ana namba yako. Sitaki urudi kwa ajili yangu, na msamaha sijauomba, kwa sababu ningeuomba ningekuwa nakupa kazi nyingine tena. Lakini mama hana muda wa kuchelewa. Ukiipata barua hii, usinijibu mimi. Mpigie yeye. Ukiona amekaa kimya kwenye simu, usikate. Atakuwa anatafuta neno.

Ndimi dadako, niliyekusemea uongo mbele za watu