Glasi Ambazo Hazikuguswa

Jumatatu, 4 Agosti
Tumechuja marakuja tangu asubuhi, mimi na wifi yangu Furaha. Ijumaa nakwenda kwenye hoteli kubwa ya upande wa ziwa, wanunue juisi yetu msimu huu wa harusi. Wakikataa, tunafunga. Niliacha ofisi kwa ajili ya chupa hizi. Kesho nitajaribu maneno yangu mbele ya mjomba wangu, Tonton Deo, na mkewe, Maman Chantal. Tonton amezoea mikutano. Ataniambia ukweli.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeongea vizuri, Kifaransa safi. Juisi niliimimina jikoni, nikaingia na glasi kwenye sinia, kihoteli kabisa. Tonton kasifu picha za chupa nilizowaonyesha. Kasema nipunguze maneno. Glasi hazikuguswa. Hata moja. Maman Chantal eti ameshiba. Basi juisi ni mbaya na wanaogopa kuniumiza. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Kasha, nimenuna.

Jumatano, 6 Agosti
Tumeongeza sukari. Furaha kaonja, kakunja uso. Mimi siwezi kuonja: nina vidonda vya tumbo, marakuja inaniunguza mpaka kifuani. Tumegombana. Furaha kalia. Nimemwaga ndoo nzima. Nachukia kutojua kosa langu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimerudi kwa Tonton. Sikuketi hata. Nimemuuliza Maman Chantal: ubaya wa juisi yangu ni nini?

“Mutoto wangu, ulimimina kule mu cuisine, sisi tukaona tu ma-verre iko imejaa. Na weye mwenyewe haukunywa. Nani atakunywa vile, mu hii Bukavu?”

Tonton alitazama viatu vyake. Mimi, kuwatilia sumu! Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningekuwa mgeni, nami nisingekunywa. Mama alinifundisha tangu utotoni: anayekukaribisha hufungua mbele yako, hunywa wa kwanza. Nimeiga wahudumu wa hoteli mpaka nikasahau kwetu. Aibu tupu.

Ijumaa, 8 Agosti
Meneja hakutabasamu. Wenzake walishika simu zao. Nimefungua chupa mbele yao, nikajimiminia, nikanywa glasi yote. Walinitazama koo. Moto ukashuka tumboni, nami naongea. Picha sikumbuki nilizionyeshaje. Halafu meneja akasogeza glasi yake. Akanywa. Wote wakanywa, mmoja akaomba tena.

Wamechukua msimu mzima. Sharti moja: kila mzigo niulete mwenyewe, nifungue, ninywe kwanza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi, 9 Agosti
Sijatoka kitandani. Tumbo linawaka. Furaha anaosha chupa uani na kuimba, sijamsikia akiimba tangu Pasaka. Ameniletea uji, kaniuliza kama nimekula kitu kibaya. Nimesema ni uchovu.

Sharti sijamwambia. Angeenda kuwarudishia kazi yao leo hii. Mzigo wa kwanza ni Jumanne.