Msimamizi Alivua Kofia

Ijumaa, Julai, Moshi. Baridi imeingia mpaka kwenye mifupa na mlima haujaonyesha uso tangu Jumatatu. Nina hasira, na sioni haya kusema.

Tangu mwekezaji mpya achukue kiwanda cha kahawa, sisi wanawake tunaochambua buni tunainama mezani kutwa nzima, macho yakiwinda punje nyeusi. Zamani tuliimba tukichambua. Msimamizi aliyeletwa kutoka Dar akapiga marufuku, eti wimbo unachelewesha mikono. Sidhani kama amewahi kuchambua hata mchele wa nyumbani kwake.

Tukabakiwa na robo saa ya chai. Humo tunaimba mpaka vikombe vinatikisika.

Wimbo wenyewe ni wa Kichagga, kwa tuni ya kanisani ya mavuno. Maneno nimetunga mimi, nakiri. Ubeti wa kwanza unahusu migongo yetu, wa pili foleni ya chooni. Wa tatu unamhusu yeye, na mwendo wake wa kuku aliyenyeshewa. Jumanne alitukuta katikati ya huo wa tatu, akadhani tunasali. Akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka tukamaliza. Mama Aikande, mkubwa wetu pale mezani, nusura apaliwe na chai.

Leo kuna mtu amemtobolea msimamizi siri. Sijui ni nani, na sitaki kumjua.

Aliniita mbele ya meza zote, akataka nitafsiri. Niliogopa, sitaficha. Watoto wangu wawili wanasoma kwa kazi hii. Nikatafsiri beti zote tatu, pamoja na kuku. Hakuna aliyecheka. Akasema kuanzia Jumatatu chai itanywewa kimya, na atakayeanzisha wimbo asirudi tena kazini.

Mama Aikande akanyanyuka taratibu.

"Mwanangu, hii robo saa hukutupatia wewe. Umeikuta."

Akaketi, akaendelea kuchambua.

Nimerudi nyumbani Majengo kwa miguu makusudi, nipate kufikiri. Kazi naihitaji, tena sana. Lakini nikinyamaza Jumatatu, najua Jumanne atachukua na chai yenyewe.

Nilipofika mlangoni kwangu ubeti wa nne ulikuwa umekamilika. Huu nimeutunga kwa Kiswahili, asihangaike kutafuta mkalimani.