Kabla ya Kumpiga Nyati wa Chekalini

Shirere,
Kakamega.
8 Novemba 1964.

Mpendwa dada Jescah,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua. Natumaini joto la Mombasa halijakuchosha, na shemeji Lazarus amepona mgongo. Mwili wangu hauna neno. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa mno tangu tumzike mke wangu Risper. Siku nyingine nasonga obusuma, ugali wa watu wawili, bila kufikiri, halafu nakaa nikiitazama.

Uliniuliza kama kazi yangu katika Idara ya Wanyama ni kupiga bunduki tu. Ngoja nikueleze yaliyotokea juzi kule Chekalini.

Nyati mmoja aliyeumizwa na mtego wa waya alimuua mama mmoja, Nanjala, alipokuwa akiteka maji. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kwenda mtoni. Kila asubuhi nyati alitoka kwenye matete kula majani ng'ambo, na mtu akikaribia alirudi ndani. Kumfuata humo ni kutafuta kifo. Ilibidi apigwe kutoka mbali, tena aanguke palepale, kwa maana akiumizwa mara ya pili angeua wengine.

Gari lilikuwa limetutikisa sana njiani, nami sikuiamini tena darubini ya bunduki. Nikaenda nyuma ya kilima ili asishtuliwe na milio, nikasimamisha kibao chenye karatasi kwa umbali uleule ambao ningempigia, kama viwanja viwili vya mpira, kwa sababu risasi ikienda mbali hushuka. Nikalaza bunduki juu ya gunia la mchanga.

Kazi yenyewe ni ya subira, dada. Unapiga risasi tatu polepole bila kugusa darubini, ndipo unakwenda kuona zilipoingia. Zangu zilikaa pamoja, lakini chini, upande wa kushoto. Unazungusha skrubu ya darubini kidogo, unangoja mtutu upoe, unapiga tena. Zamani nilikuwanga na mwenzangu wa kazi Kiprop, yeye akitazama kwa darubini ya mkono na kunitajia matundu. Amehamishiwa Kitale. Nilikwenda na kurudi peke yangu kwenye umande, sina hata wa kuniambia, "Bado kidogo."

Cleophas, mume wa marehemu Nanjala, akanijia hapo. "Afande, wewe unapiga karatasi na yeye anatembea! Si ukampige tu?"

"Nikikosea, mtazika mtu mwingine," nikamwambia.

Alikaa kwenye majani nyuma yangu mpaka matundu yote yakaingia katikati ya karatasi.

Kesho yake upepo ulitulia. Nyati alitoka akichechemea. Nilingoja ageuze ubavu, nikavuta pumzi, nikaiachia nusu, nikafyatua. Alipiga magoti, hakuinuka tena.

Watu walishuka na mapanga wakipiga vigelegele. Nyama iligawanywa, wakacheza ngoma mpaka jua likatua. Cleophas hakutaka nyama. Alikaa nami kando ya ghala la mahindi, tukitazama wengine.

"Nyumbani nani anakungoja?" akaniuliza.

Nilitaka kudanganya. Nikasema, "Hakuna mtu."

"Basi lala kwangu. Mimi pia hakuna."

Nikalala. Asubuhi alinibishia mlango, akauliza nimeamkaje. Tangu Risper aondoke hakuna aliyeniuliza neno hilo, dada. Nilitoka kitandani, nikamfungulia.

Hapa mjini wanapaka ofisi rangi kwa ajili ya Jamhuri mwezi ujao. Sherehe zikiisha nitapewa likizo. Kama kuna nafasi ya kulala, hata sakafuni, niandikie neno moja tu, nitapanda gari moshi.

Nisalimie Lazarus, na jirani yako mama Zainabu anayekutunza kama mwanawe. Mungu awafunike kwa mkono wake mchana na usiku.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Hezekiah