Nimemwahidi Bibi wa Editha

Jumapili, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Mimi mtoto wa Voi, nani alinidanganya kwamba Tanzania yote ni joto?

Shajara yangu, leo moyo ni mzito. Acha niseme polepole.

Tangu nivuke mpaka kuja kufundisha huku Karagwe, nimekuwa mtu wa kulalamika tu. Nalalamikia ndizi: mchana ndizi na maharage, usiku ndizi na maharage, ugali nauota. Nalalamikia darasa lililonyamaza. Kwetu Kenya mtoto wa kidato cha pili anakubishia kwa Kiingereza mpaka utamani kumfukuza. Hawa shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, nyumbani wanaongea Kinyambo, halafu nakuja mimi na Kiingereza changu cha mbio. Na wasichana wananipigia magoti wakinisalimia, hata kwenye tope! Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuangalia anayesalimiwa ni nani.

Aliyekuwa akinijibu darasani ni Editha. Editha peke yake.

Kisha akaacha kuja, na mtihani wa taifa uko karibu. Walimu wenzangu wakaniambia niachane naye, kwamba bibi yake amemzuia, ana wadogo zake wa kulea. Mimi na kichwa changu kigumu nikasema naenda kwao.

Basi leo baada ya ibada nimetembea hadi huko, upande wa Kituntu. Nyumba iko katikati ya migomba na kahawa, na chini wametandaza nyasi kila mahali. Viatu vilikuwa vimejaa tope. Nikaona kijukwaa cha saruji kati ya migomba, kimefunikwa nyasi vizuri, nikakaa hapo nivisafishe.

Editha akatoka ndani. Aliponiona akasimama palepale.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hapo ni kwa mama."

Nilikuwa nimekalia kaburi.

Nimekulia kwenye kota za reli, wafu wetu wako nyuma ya ukuta, mbali. Huku wanawazika karibu na mlango, wanaendelea kuishi nao. Niliruka kama nimekanyaga moto. Nikaomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kiingereza, nikaiomba radhi hata hewa. Bibi yake alikuwa ameshatokea mlangoni. Akasema kitu kwa Kinyambo, na Editha akanitafsiria: "Anasema pole na safari. Karibu ndani."

Jamani, aibu! Bora angenifukuza.

Bibi Kiswahili hakimtoki kwa urahisi, kwa hiyo Editha akawa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Nikamsifia mtoto. Nikasema ana akili, Kiingereza kitampatia kazi nzuri, atafika Dar es Salaam, atafika hata Ulaya. Editha alitafsiri akitazama chini, bila kutia chumvi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akajibu, na Editha akanirudishia majibu kwa sauti ileile.

"Anasema mama yangu naye alikuwa na akili. Kiingereza alikijua. Akapata kazi Bukoba. Anasema walimleta kwenye gari, hawezi hata kushika kikombe. Anasema mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya."

Ugonjwa wenyewe hakuutaja. Huku hautajwi, ila leo njiani nimepita makaburi mapya mengi mno, na waliolala humo wengi ni watu wa rika langu.

Mimi mwenye mdomo mrefu nilikaa nikitazama mikono yangu.

Ndipo bibi akakiacha Kinyambo. Akanitazama, akalitafuta neno mojamoja la Kiswahili: "Wewe mwalimu. Huyu nikikupa, utanirudishia mzima?"

Ningesema ukweli. Ningesema, bibi, mkataba wangu ni wa miaka miwili, halafu narudi kwetu. Sijui huyu atakwenda wapi wala atakutana na nani. Lakini nilimwona Editha amekamata pindo la gauni kwa mikono yote miwili, hapumui.

"Nitakurudishia, bibi."

Akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Basi," akasema. "Kesho aje."

Nilifurahi, sitasema uongo humu. Editha aliponisindikiza nilikuwa naropoka njia nzima: atafaulu, nitampa vitabu vyangu, atawashinda wavulana wote. Yeye alinifuata nyuma, akiangalia miguu yake. Tulipofika barabarani nikamuuliza, kwani hukufurahi? Akasema amefurahi, asante. Halafu akaniangalia usoni, kitu ambacho huwa hafanyi.

"Mwalimu, mama naye alimwambia bibi hivyohivyo, kwamba atarudi mzima."

Akaniaga, akarudi nyumbani kulea wadogo zake.

Nimejaribu kuandaa somo la kesho, nimeshindwa. Yule bibi amenipa mjukuu wake kwa neno langu, na neno lenyewe nililitoa kwa sababu nilitaka kushinda. Asubuhi Editha atakuwa amekaa mbele yangu, daftari wazi, ananisubiri nianze.

Nimfundishe nini cha kumrudisha nyumbani mzima?